Kitenzi cha Leo: Kihispania kwa Njia ya Hotuba

Watoto wengi wa Bujumbura hulijua neno "vamos" kabla hawajajua kwamba ni kitenzi. Wamelisikia katika matangazo ya mpira wa Hispania, wamelisikia tena katika michezo ya kuigiza ya Mexico inayoonyeshwa katika televisheni, na sasa wanalipiga kelele uwanjani Buyenzi kila timu yao inapokaribia goli. Ukimwuliza mmoja wao maana yake, atajibu kwamba ni neno la kutia moyo. Hakukosea sana, lakini hakumaliza. "Vamos" ni kitenzi cha wakati uliopo, nafsi ya kwanza wingi: maana yake "tunakwenda", au "twende". Ndani ya neno hilo moja yumo mtendaji, limo tendo, na umo wakati.

Mzazi anaweza kuuliza kwa haki: mtoto wa Burundi, ambaye shuleni amekwisha kutwishwa Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, atakifanyia nini Kihispania? Jibu la kwanza ni la kawaida. Kihispania ni miongoni mwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Katika Afrika ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, na Umoja wa Afrika unakihesabu miongoni mwa lugha zake rasmi pamoja na Kiswahili. Jibu la pili halisemwi mara nyingi, nalo ndilo lenye faida kubwa zaidi nyumbani: mtu ajifunzaye vitenzi vya lugha ngeni kwa makini hujifunza pia kusikiliza lugha yake mwenyewe. Huanza kuuliza, kila asikiapo maneno makubwa, nani anatenda, na anatenda lini.

Kwa sababu hiyo yafaa kuanza na hotuba ya siasa. Vitabu vingi vya kujifunzia lugha huanza sokoni au hotelini, mahali ambapo watu husema maneno mafupi mafupi na kwenda zao. Msemaji wa jukwaani hafanyi haraka namna hiyo. Hutua ili watu wamwelewe, hurudia neno lile lile mara tatu au nne, na hupenda kutumia vitenzi vichache vyenye nguvu: tunataka, tunaweza, tunapaswa, tunajua, tuko. Mwanafunzi asiyejua lugha sana atavikamata vitenzi hivyo hata kama maneno mengine yote yanampita kama upepo.

Ipo hotuba moja ambayo kwa wakazi wa Bujumbura haiko mbali hata kidogo. Tarehe 11 Desemba, 1964, Ernesto Che Guevara, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa Waziri wa Viwanda wa Kuba, alihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mjini New York. Alisema kwa Kihispania, na sehemu moja ya maneno yake ilihusu Kongo, nchi ambayo milima yake huonekana ng'ambo ya ziwa kila siku ya anga safi. Mwezi mmoja kabla, Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji walikuwa wameshushwa Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani, kwa ndege za Marekani. Jambo hilo ndilo aliloliita jinai. Msomaji anaweza kukubaliana na siasa ya msemaji huyo au kuikataa; kwa mwanafunzi wa lugha, hotuba yake ni ghala la vitenzi vya wakati uliopo.

Kabla ya kuifungua hotuba, hapana budi kujua jinsi kitenzi cha Kihispania kinavyojengwa. Hapa mwenye Kiswahili na Kirundi ana bahati ambayo pengine haijui. Kiswahili humweka mtendaji mwanzoni mwa kitenzi: nasema, unasema, anasema, tunasema, mnasema, wanasema. Kirundi hufanya vivyo hivyo: ndavuga, uravuga, aravuga, turavuga, muravuga, baravuga. Kihispania humweka mtendaji mwishoni: hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan. Tofauti ni ya mahali tu, kama nyumba mbili zenye vyumba sawa ila mlango wa moja uko mbele na wa nyingine uko nyuma.

Kifaransa hakimsaidii mwanafunzi katika jambo hili, ingawa humsaidia katika mengine. Maneno mengi ya Kifaransa na ya Kihispania yamezaliwa na Kilatini, hivyo aliyesoma shule atatambua kwa urahisi "vivir" kwa sababu anaijua "vivre", kuishi. Lakini katika Kifaransa, "je parle", "tu parles" na "ils parlent" husikika sikioni kitenzi kile kile, na kwa hiyo mtu hulazimika kutaja nafsi kila mara. Mwanafunzi aliyezoea Kifaransa huchukua desturi hiyo akaipeleka katika Kihispania, akasema "yo hablo, yo como, yo vivo", mimi, mimi, mimi, mpaka akasikika kama mtu anayejisifu. Mwenye Kiswahili hana haja ya kufanya hivyo. Kama vile hasemi "mimi nakula" ila anapotaka kutia mkazo, ndivyo Mhispania asemavyo "como" peke yake, na kila mtu akajua ni nani anayekula.

Vitenzi vya Kihispania vina familia tatu, kwa kufuata mwisho wa jina la kitenzi. Familia ya kwanza huishia -ar, kama "hablar", kusema, na imekwisha kuonyeshwa hapo juu. Ya pili huishia -er, kama "comer", kula: como, comes, come, comemos, coméis, comen. Ya tatu huishia -ir, kama "vivir", kuishi: vivo, vives, vive, vivimos, vivís, viven. Atakayeziimba familia hizi tatu kwa juma moja, asubuhi akipiga mswaki na jioni akichambua mchele, atakuwa amepata ufunguo wa maelfu ya vitenzi.

Mtego mmoja unamsubiri mwanafunzi wa Bujumbura, nao ni silabi "tu". Katika Kiswahili na katika Kirundi, "tu" mwanzoni mwa kitenzi ni sisi. Katika Kihispania, kama katika Kifaransa, "tú" ni wewe. Sisi ya Kihispania iko mkiani, nayo ni "-mos". Pindi msemaji asemapo "queremos", tunataka, au "podemos", tunaweza, sikio lisitafute "tu" ya mwanzo. Lingoje "mos" ya mwisho. Jambo jingine ni heshima. Kifaransa humheshimu mtu mmoja kwa kumhesabu kama wengi, "vous". Kihispania humheshimu kwa kumsema kana kwamba ni yeye: kwa "usted" kitenzi huwa "habla", si "hablas". Tena katika nchi za Amerika ya Kihispania, Kuba ikiwamo, watu hawatumii "habláis" katika mazungumzo ya kawaida. Ninyi yao ni "ustedes", na kitenzi chake ni kile kile cha wao, "hablan".

Yapo maneno mawili yanayowasumbua Wafaransa na Waingereza wanapojifunza Kihispania, ambayo Mswahili huyaona mepesi: "ser" na "estar". Wafaransa wana "être" moja tu. Lakini Mswahili anajua tofauti ya "Mama ni mwalimu" na "Mama yuko sokoni". La kwanza linaeleza mtu alivyo. La pili linaeleza mahali alipo. Kihispania husema "es" kwa la kwanza na "está" kwa la pili. Mfano huu hautoshi kwa kila hali, maana "estar" hutumika pia kwa hali ya kupita, kama uchovu au ugonjwa, lakini unatosha kumvusha mwanafunzi mlango wa kwanza. Soy, eres, es, somos, sois, son. Estoy, estás, está, estamos, estáis, están: hivi havina budi kukaririwa, kwa sababu havifuati njia ya familia zao. Kadhalika "tener", kuwa na kitu: tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen. Na "ir", kwenda, ambayo ndiyo mama wa "vamos": voy, vas, va, vamos, vais, van.

Sasa hotuba yaweza kufunguliwa. Katika sehemu ihusuyo Kongo, Guevara alisema kwamba watu wote walio huru duniani wanapaswa kujiandaa kulipiza kisasi cha jinai hiyo. Kitenzi alichotumia ni "deben", wanapaswa. Mwanafunzi na akiandike katika daftari lake, kisha aandike ndugu zake wote: debo, debes, debe, debemos, debéis, deben. Halafu na ajiulize kwa nini msemaji alichagua cha mwisho. Hakusema "debo", napaswa. Hakusema "debemos", tunapaswa. Alisema wanapaswa, na mtu ambaye hakuzoea kutazama mwisho wa kitenzi asingeweza kuona kwamba mzigo umewekwa begani mwa watu wasiotajwa kwa majina.

Lakini historia iliongeza somo. Miezi minne na siku kadhaa baadaye, tarehe 24 Aprili, 1965, Guevara mwenyewe alivuka Ziwa Tanganyika kwa mashua kutoka Kigoma, akashuka Kibamba, pwani ya Kongo, akiwa na kundi la kwanza la Wakuba ambao baadaye walizidi mia moja. "Deben" ikawa "debo". Huko walijificha nyuma ya hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na Guevara akawa Tatu. Kwa wakuu wa wapiganaji alitumia Kifaransa. Kwa watu wa kawaida Kifaransa hakikufaa kitu, ikambidi naye akae chini kama mtoto wa shule kujifunza vitenzi vya Kiswahili. Vita vyao havikufanikiwa. Tarehe 21 Novemba, 1965, walivuka tena ziwa kurudi Kigoma, na katika kumbukumbu alizoandika baada ya hapo aliiita kazi ile yote kushindwa, bila kuifunika kwa maneno matamu.

Aliyewekwa kumfundisha Kiswahili na kumkalimania alikuwa Mkongo aliyekuwa bado kijana mdogo, Freddy Ilanga. Baada ya vita kijana huyo alipelekwa Kuba. Mwalimu wa Kiswahili akawa mwanafunzi wa Kihispania. Akasoma, akawa daktari, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 2005. Katika habari za kujifunza Kihispania, hapana katika pande hizi za ziwa mfano ulio wazi kuliko huo. Siasa ndiyo iliyomtoa kwao na kumtia katika lugha ile, na lugha ile ndiyo iliyompa kazi ya kuponya watu. Wengine husoma vitenzi kwa starehe. Yeye alivisoma ili aweze kuishi.

Kuna jambo moja zaidi la wakati uliopo wa Kihispania ambalo msikilizaji wa hotuba hapaswi kulikosa. Katika familia ya -ar na ya -ir, nafsi ya sisi haibadiliki kati ya leo na jana. "Trabajamos" ni tunafanya kazi, na "trabajamos" ni tulifanya kazi pia. "Vivimos" ni tunaishi na tuliishi. Ni familia ya -er tu inayotenganisha: "comemos", tunakula, "comimos", tulikula. Kwa hiyo msemaji akisema "luchamos", mtu hajui bado kama wanapigana leo au walipigana zamani wakapumzika. Hapo mwanafunzi hutafuta neno la kumwonyesha njia: "hoy", leo, "ahora", sasa, "ayer", jana. Asipolipata, ana haki ya kutilia shaka.

Kiswahili hakimpi msemaji nafasi hiyo. Tunajenga, tumejenga, tulijenga, tutajenga: kila kimoja kinasimama peke yake, na hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba daraja la "tutajenga" halivukiki. Lakini Kiswahili kina maficho yake. Mtoto akisema, "Mama, sahani imevunjika," sahani ndiyo iliyotenda, na mkono haumo. Mama mwenye busara huuliza, "Imevunjika, au umeivunja?" Kihispania hutumia "se" kwa kazi hiyo hiyo. "Se construye una escuela" ni "shule inajengwa", na mjenzi hatajwi. Mwanafunzi akutanapo na "se" katika hotuba na aulize swali la yule mama.

Warundi wana sababu ya pekee ya kuzijali nyakati za vitenzi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 18 Septemba, 1961, ambamo chama cha Uprona kilipata viti 58 kati ya 64 vya bunge, Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye wakazi wa mitaa ya Waswahili kama Buyenzi walimwunga mkono sana, aliwahutubia wananchi. Aliwaambia kwamba wao ndio watakaowahukumu viongozi kwa matendo yao. Kitenzi kilikuwa cha wakati ujao: mtatuhukumu. Ahadi hiyo haikumpa kiongozi pa kujificha, kwa maana ilimweka mwananchi katika kiti cha hakimu. Siku 25 baada ya uchaguzi huo, tarehe 13 Oktoba, 1961, Rwagasore aliuawa kwa risasi katika hoteli mjini Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati ule. Watendaji wa "tu" walibaki bila yule aliyeitamka. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai, 1962, lakini kitenzi kile cha wakati ujao hakikupata nafasi ya kugeuka kuwa cha wakati uliopo kinywani mwake. Tangu siku hiyo kila mzee wa Bujumbura anajua umbali uliopo kati ya "tutatenda" na "tunatenda".

Kazi ya nyumbani yaweza kupangwa hivi, bila gharama kubwa. Nusu saa ya jioni yatosha, baada ya chakula na kabla watoto hawajasinzia. Juma la kwanza liwe la familia tatu za vitenzi, kwa mdomo tu. Mkubwa aseme "tunakula", mdogo ajibu "comemos", kisha wageuzane. Juma la pili liwe la vile vinavyokataa sheria: ser, estar, tener, ir, pamoja na "poder", kuweza, na "querer", kutaka. Katika hivi viwili vya mwisho sauti ya katikati hubadilika: puedo lakini podemos, quiero lakini queremos. Juma la tatu ichukuliwe aya moja ya hotuba, isizidi mistari 10. Kila kitenzi kipigiwe mstari, kisha kiandikwe katika safu tatu za daftari: nani, anafanya nini, lini. Palipo na "se", safu ya kwanza iachwe wazi, na uwazi huo usijazwe kwa kubahatisha.

Juma la nne lisiwe la Kihispania kabisa. Familia isikilize hotuba ya Kiswahili au ya Kirundi katika redio, na kila mtoto ajaze safu zile zile tatu. Wazazi watastaajabu jinsi mtoto wa miaka 12 awezavyo kusema, "Baba, hapa hakusema ni nani," au, "Mama, hiki ni cha kesho, si cha leo." Mtoto huyo hajawa mkaidi wala mpinzani. Amejifunza sarufi.

Wahenga walinena kwamba maneno matupu hayavunji mfupa, na maneno ya Kihispania hayana nguvu zaidi ya mengine. Mtoto wa Buyenzi atakaporudi uwanjani na kupiga kelele "vamos", yafaa ajue kwamba ametamka "sisi" na ametamka "sasa", na kwamba mwenye kusema hivyo anatazamiwa naye kunyanyua mguu.